Nirudishie Springi Zangu Mbovu

Mwl. Kaloki (Mstaafu),
Nyumba ya bati jekundu, kabla ya kivuko,
Kathonzweni, Makueni.

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Kwa Bwana Gicheru,
Fundi wa magari,
Emali.

Bwana Gicheru,

KUH: KUTENGENEZEWA GARI BILA IDHINI, NA MADAI YA KURUDISHIWA UBOVU WAKE

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, na ninaomba salamu hizi zikufikie kabla ya hasira yangu, ambayo inaanza katika aya inayofuata. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa. Mvua imenyesha vizuri mpaka jana.

Utaona nimekuita Bwana Gicheru. Sijakuita mkwe, wala sijakuita mwanangu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ukikuta mahali popote katika barua hii nimeteleza, ujue ni kalamu iliyoteleza, mimi mwenyewe nimesimama imara.

Tuanze pale mambo yalipoanzia, ili asomaye asiseme mzee amechanganyikiwa. Mwezi wa Septemba ulikuja kwangu ukiwa na mjomba wako Gikonyo, mikate sita, sukari kilo nne, na binti yangu Mwongeli, ambaye aliketi upande wenu wa meza utadhani naye ametoka Murang'a. Mlisema mnataka kuleta mbuzi wa ntheo. Wewe ni mtu wa kuja, kwa hivyo nakufafanulia tena: kwetu Ukambani mbuzi hao watatu, majike wawili na beberu mmoja, ndio wanaomfanya msichana awe mke wa mtu. Bila hao, hata mkiishi pamoja miaka thelathini na mzae timu ya mpira na wachezaji wa akiba, msichana bado ni wangu.

Mimi sikukataa. Mtu mstaarabu hakatai wageni walioleta sukari. Nilisema tu kwamba siku haiwezi kupangwa mpaka Mama Mwongeli aende Ikutha kumweleza dada yake mkubwa, Mbithe, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Nilisema habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Nikasema tena kwamba mgongo wa Mama Mwongeli ni mbaya, na hauwezi kusafiri hadi Ikutha ndani ya Datsun yangu kwa sababu springi zimekufa. Hapo nikashusha pumzi, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema shida ni gari tu.

Sasa sikiliza, bwana. Mkamba yeyote angeelewa. Jirani yangu Mulinge alikuwa pale, na alielewa mara moja akainamia kikombe chake. Kwetu mtu akikuambia shida ni gari, unamaliza chai, unamsifia ng'ombe wake, unaaga, halafu unarudi baada ya mwaka mmoja kuangalia kama shida bado ni gari. Ndivyo tunavyoishi bila kugombana. Wewe ulifanya nini? Uliweka kikombe chini, ukatoka nje, ukalala chali chini ya gari langu na suruali yako ya ugeni, ukaanza kugongagonga na kuhesabu kwa vidole. Gikonyo aliona haya kwa niaba yako. Mimi nilidhani ni utani wa watu wa kwenu.

Wiki mbili baadaye Mwongeli akaja kulichukua gari, akasema linaenda Emali kubadilishwa oili. Nikampa ufunguo kama mzazi anayeamini mtoto wake. Likakaa siku nne. Oili gani hiyo ya siku nne? Lilirudi likiwa na shokabzoba mpya zote nne, springi mpya za mbele, springi bapa mpya za nyuma, bushi mpya kila mahali bushi inapoweza kuingia, usukani umekazwa, na magurudumu yamenyooshwa yakaangalia upande mmoja kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari hilo mwaka wa 1989. Na ndani ya buti kulikuwa na gunia lenye springi zangu za zamani, umezifuta vumbi na kuzifunga kwa kamba, umezirudisha kwa heshima zote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. SAUTI. Kwa miaka thelathini na mitano gari hili limekuwa likisikika kabla ya kuonekana. Nikifika kwenye kivuko cha mto wa mchanga springi zinalia, halafu mlango wa nyuma unaitikia, halafu kitu fulani chini ya kiti changu, ambacho hakuna fundi aliyewahi kukijua jina, kinagonga mara tatu. Mama Mwongeli akisikia kile cha tatu anaweka sufuria ya chai mekoni. Nikizima gari, chai inachemka. Ndoa yetu imejengwa juu ya mpango huo. Sasa ninaingia nyumbani kwangu kimya kama mwizi. Jumanne iliyopita nilikuta meko baridi, chai hakuna, na mke wangu anacheka kwenye simu na Mwongeli kuhusu rangi ya kitenge. Kitenge cha sherehe gani, na mimi sijapanga siku? Siku hiyo hiyo nilimkuta Mulinge ametulia kabisa ndani ya mbaazi zangu na mbuzi wake kumi na mmoja. Badala ya kuniomba msamaha akanilaumu. Alisema si uungwana mtu kurudi kwake bila kutoa habari. Na ni kweli, kwa miaka yote hiyo tumeishi vizuri kwa sababu alikuwa anapata habari.

2. USUKANI. Usukani wangu ulikuwa na nafasi yake. Ukitaka kukata kulia, unazungusha nusu duara, unangoja, unawaza mambo yako, kisha magurudumu yanapata ujumbe. Hakuna mtu mwingine Kathonzweni nzima aliyeuweza. Kona ya kinu cha unga, posho mili, nilikuwa naianza nikiwa bado mbele ya duka la Nzisa, na kufika kwenye posho mili gari linakata kwa utaratibu, bila haraka. Jumapili ya kwanza baada ya wewe kuniharibia, nilianza kukata mbele ya duka la Nzisa kama kawaida, na gari likakata mbele ya duka la Nzisa! Nusura niingie mpaka kaunta. Nilipolirudisha upande wa pili likarudi lote, papo hapo, kama mtoto aliyeogopa kiboko, na nikajikuta katikati ya shamba la ndengu la Mchungaji Mwangangi, nimevaa tai, Biblia iko mapajani, na akina mama wa kwaya wanapita barabarani wakinisalimia mmoja mmoja. Mchungaji ni mtu wa Mungu. Alipanda tu mimbarani akahubiri dakika hamsini kuhusu njia iliyonyooka.

3. HESHIMA YANGU KATIKA JAMII. Gari langu lilikuwa haliazimwi. Nikisimama barabarani kumsaidia mtu aliyebeba mzigo, ananishukuru sana na kusema atatembea tu, ana haraka. Mwaka wa 2011 nilimbeba muuza mbegu mmoja hadi Wote. Tulipotoka alikuwa hajaokoka, na tulipofika alikuwa ameokoka, na mimi sikumhubiria hata mstari mmoja. Ni lile korongo la tatu kwenye barabara ya Wote lililofanya kazi. Hiyo ilikuwa huduma yangu, Gicheru, na wewe umeifunga. Leo kuna foleni. Mchungaji analitaka Datsun akapokee wageni wa semina. Kwaya inalitaka kwa mwaliko wa Kasikeu. Mulinge, baada ya yale ya mbaazi, amekuja kuniomba nimpelekee mbuzi mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Zamani mbuzi mwenyewe angekataa kupanda.

4. MAZIWA. Nilikuwa nikiweka kibuyu cha maziwa ndani ya buti nikienda Wote, narudi na siagi. Sasa narudi na maziwa. Kibuyu hicho kinatikiswa kwa mkono, na mtikisaji aliyechaguliwa ni mimi.

5. GUNIA. Hapa naomba uketi, kama umesimama. Mulinge alipita Emali siku ile ya tatu ya hiyo oili yako, na akaona gari langu likizunguka juu ya matuta ya barabarani, linakwenda, linarudi, linakwenda tena. Kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, kulikuwa na gunia zima la mbaazi limefungwa kamba lisianguke, na juu yake debe la ndengu. Gunia lilikuwa limeandikwa kwa chaki herufi kubwa: MAMA.

(a) Najua kwa nini ulifanya hivyo. Mwongeli amekueleza habari ya nthoni, ile heshima inayomzuia mwanamume kushikana mikono na mama wa mke wake, au kuketi naye bega kwa bega, wacha kumpakia garini na kumrusha kwenye matuta ya Emali. Hukuweza kumjaribu mwenyewe, ukajaribu na mbaazi. Hilo lilikuwa jambo la adabu. Sitalisema mara mbili.

(b) Lakini ni nani aliyekupa uzito? Nimemuuliza Mwongeli, ameangalia dari.

(c) Mama Mwongeli amepata habari. Hapa Kathonzweni hakuna habari isiyofika. Gunia amelikubali. Debe analikana mpaka leo, na kila akipita mbele ya kioo ananiuliza mimi kama kuna debe, na mimi si fundi.

6. MAMA MWONGELI MWENYEWE. Miaka mitatu mke wangu hajafika kanisani. Ni kilomita tatu tu, lakini mgongo ulikataa kutembea, na ndani ya Datsun alilia mpaka nikaona ni heri abaki. Jumapili alikuwa anakaa barazani na redio yake, na mimi nikirudi namweleza mahubiri, huku nikipunguza yaliyonihusu. Alikuwa anaamini mimi ni mzee wa kanisa asiye na doa. Sasa Jumapili ya pili baada ya gari kurudi alikuja akalizunguka, akabonyeza boneti kwa mikono miwili, gari likashuka kidogo likapanda likatulia. Akabonyeza tena. Likatulia tena. Akaingia ndani akafunga mlango, akakaa akiangalia mbele, akaniambia niwashe. Kanisani watu walisimama. Akina mama walimzunguka wakamwimbia mlangoni, na Mchungaji akasahau tangazo la kwanza. Nami, badala ya kufurahi tu, nilikuwa nafikiria kwamba tangu leo atasikia mahubiri yote, mazima.

Tangu siku hiyo hatulii. Ameenda sokoni kuchagua nyanya mwenyewe. Amemtembelea mgonjwa. Ameenda kwa fundi cherehani kupimwa kitenge ambacho mimi sina habari nacho. Na jana jioni ametangaza kwamba Alhamisi hii tunaenda Ikutha kwa Mbithe. Hakuniuliza, ametangaza tu kama mambo ya kwaya. Bwana Gicheru, nimejitahidi. Nilisema kuna mvua, mvua ikakatika. Nilisema petroli imeisha, Mulinge akaja na galoni, tena akicheka. Leo asubuhi nilisema nahisi mafua, nikapewa tangawizi kikombe kizima, bila sukari, na nimepona kwa lazima.

Unaona sasa ulichonifanyia? Mimi nilikuwa na shida moja tu nzuri, niliyoitunza miaka mingi, na wewe ukaja ukaitengeneza.

7. HESABU. Hili la saba sikukusudia kuliandika. Mwongeli akiwa mdogo nilikuwa nampeleka shule na gari hili, maana nilikuwa mwalimu mkuu pale pale. Aliketi kiti cha nyuma, katikati, ameshika viti vya mbele kwa mikono miwili, na kila gari likiruka anahesabu kwa sauti. Kutoka nyumbani mpaka lango la shule kulikuwa na miruko arobaini na mmoja. Ukipungua mmoja anakasirika, anasema nimeukwepa, turudi. Na siku mbili tatu nilirudi kweli, kengele ikilia na walimu wakinisubiri, ili mtoto apate miruko yake yote. Juzi nilipita njia hiyo peke yangu nikajaribu kuhesabu. Mashimo ni yale yale, nayajua kwa majina. Nilifika langoni nikiwa na sita.

Nitasema wazi kwa sababu nimeshaanza. Ninaogopa, Gicheru. Nyumba hii ilikuwa na watoto wanne na gari la makelele, na mimi nikiyalalamikia yote. Watatu wameshaenda makwao, mmoja wao yuko mbali hata simu yake inakuja na mwangwi. Mwongeli ndiye kitinda mimba. Umelinyamazisha gari, sasa unakuja kumchukua aliyekuwa akihesabu. Mimi nitabaki nikisikiliza nini?

Mambo hayo si ya barua rasmi. Lakini nimeyaandika kwa wino, na mimi sifutifuti kazi yangu, niliwakataza watoto kufanya hivyo kwa miaka thelathini na sita.

MADAI. Kwa sababu zote nilizotaja, ninadai yafuatayo yatekelezwe kabla ya Alhamisi alfajiri. Springi zangu za zamani zirudi mahali pake zikiwa zimechoka vile vile. Usukani ulegezwe nusu duara, na pungufu ya hapo sipokei. Kile kitu kilichokuwa kikigonga chini ya kiti kitafutwe popote ulipokitupa, kirudishwe, na kigonge mara tatu, si mbili.

Ikiwa kazi ni kubwa, mimi si mtu mgumu. Niko tayari kulegeza. Rudisha ubovu upande wa dereva peke yake, na upande wa Mama Mwongeli uache ulivyo. Najua gari litakwenda limeinama. Mimi nitainama nalo.

Usipotekeleza nitalifikisha jambo hili mbele ya kamati ya kanisa, ingawa nina wasiwasi kidogo, kwa kuwa wanakamati wote saba wameshaandika majina ya kuliazima. Na kama kamati itaniangusha, nitakwenda kwa chifu, ambaye aliniomba lifti juzi. Kwa hivyo usidhani sina pa kwenda.

Nisalimie mjomba wako Gikonyo, na umwambie mikate ililiwa siku ile ile. Nisalimie mama yako Gathoni, ambaye sijamwona kwa macho lakini nasikia ni mtu wa maombi, na kwa mtoto kama wewe ni lazima awe. Wasalimie mafundi wenzako wote hapo gereji, hasa yule aliyenyoosha magurudumu, ambaye ni mshiriki katika kosa hili. Na kama Mwongeli yuko hapo karibu anasoma begani mwako, na najua yuko, mwambie baba yake hajambo, na chakula anakula.

Ni mimi, niliyedhulumiwa kwa kutendewa mema,

Mwl. Kaloki (Mstaafu)

Nakala kwa:
Mchungaji Mwangangi (ndengu zitainuka, nimeziangalia).
Bwana Mulinge (asomewe, miwani yake imekanyagwa na mbuzi).

BAADA YA SAHIHI. Ijumaa, 6 Desemba.

Barua hii ilikosa mtu wa kuileta Emali Jumanne na Jumatano, na sitaiandika upya, kwa maana kurasa sita za fulskepu si mchezo. Kwa hivyo isome yote kama ilivyo, kisha usome hapa.

Jana tulikwenda Ikutha. Nilipita kwenye kivuko polepole kwa mazoea, nikingojea Mama Mwongeli alie. Hakulia. Kabla hatujapata lami ya Makindu alikuwa amesinzia, na kichwa kimeniegemea begani. Nimeendesha gari hili miaka thelathini na mitano na hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake, isipokuwa siku lilipokuwa limeharibika. Tulipofika Kibwezi alifungua macho akaniuliza kwa nini bado hatujatoka nyumbani. Tukavuka mto Athi akiimba, na mimi nikiitikia sauti ya nne.

Mbithe alikuwa amesimama mlangoni pamoja na mabinti wawili wenye nguvu, tayari kumvuta dada yake kutoka garini, kama walivyofanya mara ya mwisho, miaka minne iliyopita. Mama Mwongeli alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama. Peke yake. Walishikana hapo uani wakalia, na mimi nikaenda kukagua magurudumu, ambayo hayakuwa na shida yoyote, kwa muda mrefu kiasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Mbithe. Kijana ni wa ukoo gani, anasali wapi, anakunywa, na kwa nini atoke upande ule wakati Wakamba hawajaisha. Majibu nilikuwa nayo, na mengine niliyapanga yakuumize. Hakuuliza hata moja. Alilizunguka Datsun, akabonyeza boneti kwa mikono miwili, likashuka likapanda likatulia, akauliza ni nani aliyelitengeneza. Nikamwambia. Akasema mbuzi waje Jumamosi ya tarehe kumi na nne, na kwamba yeye atakuja siku mbili kabla, na nimfuate na gari hili hili, hataki jingine.

Kuhusu madai yangu ya springi, hayawezekani tena. Leo asubuhi nililipeleka lile gunia la springi kwa Kasyoki mhunzi, nikakaa pale pale mpaka akamaliza. Ni chuma cha zamani, kinashika makali vizuri kuliko hivi vya dukani. Ametoa visu vitatu. Cha kwanza amechukua Mama Mwongeli, na amekipima kwa kukatia nyama, akakifungia kabatini, maana yake amekipenda. Cha pili ni cha kumchinjia beberu wako. Cha tatu nimekichonga mpini mimi mwenyewe, kwa mti wa mwarobaini, na ni cha nyumba ya Mwongeli. Ukikata nacho kitu kigumu kinalia kidogo, sauti ninayoijua. Mwambie asikinoe kupita kiasi.

Mbuzi uwatafutie usafiri mwingine. Mama Mwongeli amesema hawapandi gari lake. Ndiyo, amesema lake. Na debe lile la ndengu usilitaje kabisa siku hiyo, hata kwa utani, hata ukiulizwa.

Njoo mapema, mwanangu. Hapo kalamu haikuteleza.